Chini ya Khanga

Kati ya vichanga wote waliolelewa kwenye makao ya watoto yatima pale Guta, hakuna aliyekuwa na kiburi kama Wankyo. Alikuwa mdogo, hana jino hata moja, shingo yenyewe bado haijakaza, lakini akikataa kitu amekataa. Bibi yake alimleta kutoka kijijini huko Butiama siku chache baada ya kumzika mama wa mtoto, na tangu alipofika aliiona chupa ya maziwa kuwa adui yake. Wanafunzi wa uuguzi waliokuja kujitolea kutoka chuoni Musoma wote walijaribu bahati zao. Diana alimwimbia nyimbo za kwaya, akaambulia kutapikiwa. Yunusu alimtembeza barazani mpaka miguu ikamwaka moto. Wankyo alibana midomo yake akawatazama kama mama mkwe aliyewekewa ugali mbichi.

Aliyemweza alikuwa Najat, na hata yeye hakumweza kwa masomo ya chuo. Alimpigia mama yake simu huku analia. Mama alinyamaza kwanza, akanyamaza mpaka Najat akadhani mtandao umekatika, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa na watu wa chumba cha pili.

"Mfunike na khanga, mwanangu. Mlaze kifuani kabisa asikie joto lako. Chupa uipitishe chini ya kwapa, asiione. Atadhani ananyonya."

Na kweli. Tangu siku hiyo Wankyo akawa anakunywa, mradi awe kwa Najat na mradi afunikwe gubigubi. Mwanga ukimpiga tu usoni, anaanza vita upya.

Jumamosi ile mchana, Najat alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, mgongo ukutani, Wankyo chini ya khanga yake ya maua mekundu. Ng'ambo ya uwanja, Yunusu alikuwa anaanika nepi. Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo, mtu angeweza kuuvuka bila kumaliza salamu, lakini wao wawili walikuwa wameufanya mpana kama ziwa. Huyu akiwa barazani, yule atakuwa kambani. Huyu akiingia jikoni, yule atatoka. Walikuwa wamekubaliana hivyo, na kila mmoja alikuwa anateseka upande wake.

Maana mwezi uliopita washenga wa Yunusu walifika Iringo mjini Musoma, nyumbani kwa Mzee Hashimu, baba yake Najat, mfanyabiashara wa vitambaa. Walipokewa vizuri. Walikunywa chai, wakala sambusa, Mzee Hashimu akaanza hata kutabasamu. Ndipo mshenga mmoja akamtaja babu yake Yunusu, yule fundi cherehani wa Bunda. Shangazi Mwanahalima akaweka kikombe chini.

"Fundi wa Bunda? Yule aliyekuwa jirani yetu kabla hatujahamia Musoma? Basi huyo kijana ni mtoto wetu! Mama yake alifariki akimzaa. Mama Twalha hapa, mama mzazi wa Najat, ndiye aliyemnyonyesha, pamoja na Twalha. Mnataka kumwoza binti kwa kaka yake?"

Chai ikaishia pale. Walionyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Hilo Najat alilijua tangu madrasa, wala hakuwa na ubishi nalo. Ubishi ulikuwa kwa moyo wake, ambao ulikataa katakata kumwita Yunusu kaka. Aliyempenda kwa miaka miwili, aliyekuwa akimsubiri nje ya maktaba hata mvua inyeshe, leo awe kaka? Kila alipolitamka neno hilo peke yake chumbani lilimkwama kooni, na usiku baada ya usiku alilia hadi mto ukalowa.

Alikuwa akiyawaza hayo pikapu ya baba yake ilipoingia getini.

Shangazi Mwanahalima alikuwa mtu wa kutangulia. Msibani alitangulia, harusini alitangulia, na hata pikapu haijasimama sawasawa yeye alikwisha kuwa chini, buibui kalikusanya mkononi. Alifika barazani kabla ya kila mtu, akamwona Najat, akaiona khanga, akasikia mtoto anavyofyonza na kumeza.

"Astaghfirullah! Hashimu! Hashimu, njoo uone! Binti yako ananyonyesha!"

Nepi ilimdondoka Yunusu mkononi.

"Kumbe ndicho walichofuata huku!" Shangazi aliendelea, sauti ikipanda. "Kujitolea! Wamejitolea kweli kweli! Huyu mtoto umemzaa lini, wewe Najat? Ndiyo maana ukawa hutaki kurudi nyumbani?"

Mzee Hashimu alifika anahema. Alikuwa mtu mnene, mpole dukani na mkali nyumbani, na uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira. Nyuma yake, Bi Safina, mama yake Najat, alikuwa ameteremka akasimama palepale mlangoni mwa pikapu. Alikuwa anaitazama ile khanga.

"Shikamoo baba," alisema Najat. "Shikamoo shangazi. Samahani, sitaweza kusimama. Nikisimama huyu ataacha kunywa, na akiachaga haanzi tena."

"Anasema bila aibu!" Shangazi alipiga makofi. "Na kaka yako yuko pale anaanika nepi, anaona, hakukemei?"

"Shangazi, sina kaka hapa. Kaka yangu ni Twalha, na Twalha yuko Mwanza."

Aliyasema kwa utulivu uliomshangaza hata yeye mwenyewe. Kifuani alikuwa na mtoto, na mtoto yule alikuwa amemfundisha jambo moja zuri katika siku zile chache. Mtu akibana midomo yake sawasawa, wakubwa wote wanaweza kumzunguka wasimfanye kitu.

"Najat," Mzee Hashimu alisema. "Mimi sikuja kubishana. Chukua mizigo yako. Mpe sista mtoto wake, twende. Kuna watu wa heshima wanakuja kwa ajili yako, na safari hii nimeshawakubalia."

"Siendi, baba."

"Unasemaje?"

"Siendi. Nisamehe, baba, sijawahi kukujibu hivi. Hao watu waambie wasijisumbue. Kama Yunusu ni ndugu yangu, sawa, nitakaa bila yeye. Lakini sitakaa na mwingine ili mradi tu mmeona nimekua."

Katika nyumba ya Mzee Hashimu neno "siendi" lilikuwa halijawahi kutamkwa na mtoto. Sista Gloria, msimamizi wa makao, alichungulia mlangoni, kidole mdomoni.

"Jamani, karibuni sana. Lakini ndani wamelala kumi na mmoja. Naomba mgombane polepole."

Yunusu naye alikuwa ameuvuka uwanja. Alisimama chini ya ngazi, mikono bado ina povu la sabuni, akaamkia kila mtu kwa zamu yake. Mzee Hashimu aliitikia kwa shida. Shangazi hakuitikia.

"Mzee," alisema Yunusu, "mlipotuambia ni ndugu, nilikaa mbali. Muulize sista, muulize yeyote. Nilikaa mbali kwa sababu ya dini, siyo kwa sababu ninaona haya kumpenda. Lakini leo mnamtukana mbele yangu. Kama ni dada yangu, basi nina haki ya kumtetea kama kaka. Na kama si dada yangu, nitamtetea zaidi."

Najat aliinamisha uso. Machozi yalikuwa karibu, na hakutaka shangazi ayaone.

"Usinitie maneno mdomoni, kijana," shangazi alisema. "Nani alikutukania mtu? Mimi nasemaga nilichokiona. Wewe ulipoletwa kwetu pale Bunda ulikuwa umefungwa kwenye shuka, mwekundu kama panya. Babu yako analia. Mama Twalha akakuweka kifuani, akakufunika na khanga yake, ukanyonya mpaka ukacheua. Siyo siku moja! Nilikuwa nawaonaga kila siku, Twalha upande huu, wewe upande huu. Kwa macho yangu haya! Nilikuona kama nilivyomwona huyu sasa hivi."

*Kama nilivyomwona huyu sasa hivi.*

Najat aliinua uso. Kitu fulani kilikuwa kimemgusa, na kwa muda hakuelewa ni nini. Halafu akaelewa.

"Shangazi," alisema polepole. "Sasa hivi umeona nini?"

"Nimeona unanyonyesha! Sasa nini?"

Najat alishika pindo la khanga akaifunua.

Gauni lake lilikuwa limefungwa vifungo mpaka shingoni. Wankyo alikuwa amejilaza kifuani juu ya gauni hilo, mdomo umeng'ang'ania chuchu ya mpira, na chupa yenyewe imebanwa chini ya kwapa, imebakia robo. Mwanga ulimpiga mtoto usoni. Aliitema ile chupa, akakunja ngumi zake mbili, akapiga kelele iliyowaamsha nusu ya wale kumi na mmoja.

Shangazi Mwanahalima aliitazama chupa, kisha vifungo vya gauni.

"Nani amekufundisha hivyo?" aliuliza Mzee Hashimu. Hasira ilikuwa imemtoka, na alionekana tu mtu aliyechoka na safari.

Najat alikuwa anamtazama mama yake pale kwenye pikapu.

"Mama," aliita. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Nilikupigia simu ukaniambia, chupa chini ya kwapa. Mama, wewe ulijifunza wapi?"

Bi Safina alikuja. Alitembea taratibu, mkono umeshika mtandio chini ya kidevu, na alipofika barazani hakumtazama mumewe wala binti yake. Alimtazama wifi yake.

"Wifi," alisema, "unamkumbuka mke wa kwanza wa kaka yenu mkubwa?"

"Huyo anaingiaje hapa?"

"Alijifungua maziwa yakakataa kutoka. Mkasema ana nuksi. Wewe ulisema kifua chake ni kama mawe ya Musoma, hayaoti kitu. Mlimtania, mlimsema, mpaka akarudishwa kwao na mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa bibi harusi mpya, mtoto wa mvuvi wa Mugango, sina mtu Bunda nzima. Nikayasikia yote." Alikaza mtandio. "Nikamzaa Twalha. Na mimi maziwa yakakataa."

Wankyo alikuwa amepunguza kilio, ana kwikwi tu.

"Nililia chumbani. Kisha nikawa nanunua maziwa ya ng'ombe kwa jirani, nachemsha nikisema ni ya chai. Nikawa nafanya hivyo hivyo anavyofanya huyu. Mliniona mama wa mfano. Mlinisifia! Huyu Yunusu alipoletwa, wewe mwenyewe wifi ndiye ulisema, mpeni Mama Twalha, ana maziwa ya kutosha watoto wawili. Ningekataaje? Ningesema nini? Nikaongeza chupa."

"Na mimi sikujua?" Mzee Hashimu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa minadani, Baba Twalha. Ulikuwa unarudi unakuta mtoto amenona, unafurahi."

"Na mimi je?" aliuliza Najat.

"Na wewe." Sasa Bi Safina alimgeukia, na macho yalikuwa yamemjaa. "Na wewe, mwanangu. Hakuna niliyemnyonyesha. Wote mmekunywa kwenye chupa, chini ya khanga."

Najat alihisi mambo mawili kwa pamoja. Alimhurumia yule msichana wa Mugango aliyekuwa akilia chumbani na chupa mkononi. Na alikasirika, alikasirika sana, kwa ajili ya mwezi mzima wa mto uliolowa.

"Mama, ulikuwa sebuleni. Washenga walikuwa pale. Uliniacha nimlilie Yunusu mwezi mzima, na neno lilikuwa kwako?"

"Nilifungua mdomo, Najat. Naapa nilifungua. Nikauona uso wa shangazi yako, nikaufunga. Nikasema nitasema kesho. Na kesho yake nikasema kesho." Mama alifuta uso na pindo la mtandio. "Uliponipigia simu kuhusu huyu mtoto, nilijua nikikufundisha ipo siku utaniuliza nilijifunzia wapi. Nikakufundisha hivyo hivyo. Sikuwa na nguvu ya kusema, lakini niliona nikufundishe."

"Maneno hayo!" Shangazi alikuwa amezipata tena nguvu zake. "Mama Twalha, unamwokoa binti yako tu. Shahidi wako nani?"

"Kifua ni changu, wifi. Unataka shahidi gani?"

"Itabidi tumuulize shehe," alisema Mzee Hashimu.

"Twende hata leo. Nitakaa mbele yake nitaapa. Miaka yote hii nimeuogopa mdomo wa mtu mmoja, na huyu mtu mmoja ndiye huyu hapa. Sasa nimeshayasema mbele yake na sijafa. Siogopi tena."

Shangazi Mwanahalima alijiandaa kujibu. Kifua kilishaanza kupanda. Lakini kuna kitu kilimjia, kwa sababu kidole alichokuwa amekiinua kilibaki hewani.

"Ulikuwaga..." alisema, akasita. "Mtoto akilia, ulikuwaga huwezi kumnyonyesha palepale. Lazima kwanza uingie ndani. Ukitoka, umeshajifunika. Tulikuwa tunasema, Mama Twalha ana haya sana." Alishusha kidole. "Tulikuwa tunakusifiaga kwa hizo haya zako."

"Nilikuwa naenda kuchukua chupa, wifi."

Shangazi alitafuta mahali pa kukaa. Hapakuwa na kiti, kulikuwa na ndoo ya nepi iliyogeuzwa juu chini, na Mwanahalima binti Salumu, mtu wa kutangulia, alikaa juu ya ndoo. Alikuwa amenyamaza, jambo ambalo Mzee Hashimu hakuwahi kulishuhudia tangu wakiwa watoto.

Wankyo alichukua nafasi hiyo kuanza kulia upya. Bi Safina alinyoosha mikono, na Najat akampa. Alimweka mtoto mkononi kama mtu anayekumbuka kazi aliyoiacha zamani. Najat aliiokota khanga ili awafunike.

"Hapana," alisema mama yake. "Leo hakuna khanga."

"Hatakunywa, mama. Huyu bila khanga hakubali."

"Atakataa kwanza. Na mimi nilikataa kusema, mwishowe si nimesema?"

Akakaa kwenye mkeka, mbele ya mumewe, mbele ya wifi yake, mbele ya sista na kila aliyekuwa akichungulia dirishani, akaiinua ile chupa juu palipo na mwanga ambapo kila mtu angeiona. Wankyo aliitazama chupa. Akamtazama mwenye chupa. Akabana midomo. Bi Safina hakumlazimisha, alisubiri tu, machozi yanamtiririka na hayafuti. Mtoto alitema mara ya kwanza. Akatema tena. Kisha, kwa uso wa mtu anayefanya hisani, alifungua mdomo akaanza kunywa.

Mzee Hashimu alikohoa. Alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa.

"Wewe kijana," alimwambia Yunusu. "Babu yako yupo nyumbani leo?"

"Yupo, mzee."

"Mwambie nitapita kwake kunywa chai nikitoka kwa shehe. Ile tuliyoanza haikuisha."

Yunusu aliinama tu, akageuka haraka akarudi kwenye kamba yake. Najat alimwona anavyojifanya kutafuta kibanio, na mabega yake yanavyotikisika, na hakuweza kukaa tena. Alishuka ngazi. Baba yake alimwona, akamwacha apite. Aliuvuka ule uwanja wote, akainama kwenye beseni, akachukua nepi, akaanza kuanika pembeni yake, karibu kiasi kwamba mikono yao ilikuwa inagusana.

"Umezianika vibaya, Yunusu," alisema. Jina hilo lilimtoka jepesi, halikukwama popote. "Hizi hazitakauka leo wala kesho."

"Basi nifundishe."

"Nitakufundisha. Maisha yangu yote nitakuwa nakufundisha, na wewe bado hutajua kuanika."

Alicheka huku analia, na Yunusu akamtazama kwa macho ya yule kijana wa nje ya maktaba, ambaye hakuwahi kuwa kaka wa mtu.

Kule barazani, juu ya ndoo yake, shangazi alikuwa ameipata sauti.

"Nyie! Msisogeleane hivyo! Shehe bado hajasema!"

"Tumekusikia, shangazi," alijibu Najat, na hakusogea.